Asali ya Juni Huanza na Mayai ya Januari

Hotuba kwa vikundi vipya vya ufugaji nyuki katika ukanda wa miombo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Bwana Nyuki wetu, yaani afisa wa ufugaji nyuki wa wilaya, akina mama, akina baba na vijana wa vikundi, salaam.

Kila panapokutana wafugaji wapya, swali la kwanza huwa ni hili: mzinga mmoja unatoa kilo ngapi? Mzinga hautoi asali, ndugu zangu. Asali inatoka kwa kundi la nyuki lililomo ndani yake, na kundi linatoa kulingana na wingi wa nyuki wanaoruka siku maua yanapofunguka. Mzinga mpya wa mbao wenye nyuki wachache utazidiwa na mzinga wa gogo wa mzee jirani uliojaa nyuki, na utazidiwa kila mwaka. Ndiyo maana leo sehemu kubwa ya maneno yangu haitahusu kurina. Itahusu namna ya kulifikisha kundi kwenye msimu likiwa kubwa.

Tuanze na hesabu, maana mengine yote yanaitegemea. Yai linalotagwa leo huanguliwa baada ya siku 3. Jana, yaani kiwavi wa nyuki anayetoka humo, hulishwa siku 5 au 6, kisha seli yake, kile kijumba alimolala, hufunikwa kwa nta. Kibarua, nyuki jike wa kazi, hutoka siku ya 21 hivi; nyuki wetu wa Afrika mara nyingi huwahi kwa siku moja au mbili. Malkia huchukua siku 16, dume siku 24. Sasa, kibarua aliyetoka kwenye seli haendi mauani kesho yake. Kwa wiki mbili hadi tatu anafanya kazi za ndani: kusafisha seli, kulisha majana, kujenga masega, kupokea mbochi, yaani maji matamu ya maua, kulinda mlango. Ndipo anaanza safari za nje, na safari hizo humchosha mpaka akafa ndani ya wiki mbili au tatu. Jumlisha mwenyewe: kutoka yai mpaka nyuki wa kuleta mbochi ni kama wiki 6.

Chukueni hali ya huku kwetu Tabora. Miti ya mitundu huchanua kabla ya mvua, ile ya muba huchanua mvua zikielekea ukingoni, na urinaji mkubwa huwa Mei hadi Julai. Tuseme kwenye msitu wako muba hufunguka katikati ya Machi. Rudi nyuma wiki 6, unaangukia mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari. Mayai yatakayotagwa siku hizo ndiyo yatakayoleta asali utakayoirina Juni. Mayai yatakayotagwa mwishoni mwa Machi yatakuwa nyuki wa nje Mei, maua yakiwa yameshapukutika, na kazi yao itakuwa kuila asali iliyoletwa na wenzao. Mtu anayefungua mzinga wake mara ya kwanza mwezi Machi na kukuta masega manne tu yenye nyuki hana la kufanya kwa msimu huo. Angoje mwakani.

Tatizo ni kwamba Januari ndipo kundi lina dhiki. Mvua inashinda ikinyesha, nyuki hawatoki, maua ya mwanzo yamekwisha. Chakula kikipungua malkia hupunguza kutaga. Hapo ndipo mfugaji anapopaswa kuwa na kazi, na hapo ndipo wengi wanapokuwa shambani wakilima, wameusahau mzinga. Nunueni daftari la bei ndogo. Kila mti unaowapa nyuki chakula mahali ulipo, uwe mtundu, muba, mgunga, mwembe au shamba la alizeti, andika tarehe ulipoona ua la kwanza na ulipoona la mwisho. Baada ya miaka miwili utakuwa na kalenda yako mwenyewe, na itakufaa kuliko yoyote utakayopewa na mgeni, mimi nikiwamo.

Sasa tuje kwenye mzinga. Wengi wenu mna mizinga ya viunzi, lile sanduku lenye vijiti vya mbao juu; kila kijiti ni kiunzi, na kinabeba sega moja. Mzinga wa fremu wenye ghorofa ni mzuri pia, ila unadai vipimo vikali, karatasi za nta na mashine ya kukamulia. Anayeanza na mizinga mitatu hana sababu ya kuanzia huko.

Kwenye mzinga wa viunzi kipimo kimoja hakina mjadala: upana wa kiunzi ni milimita 32. Nyuki wetu huacha umbali huo kutoka katikati ya sega moja mpaka katikati ya sega la pili. Fundi akikukatia milimita 33 utajiambia, milimita moja ni kitu gani? Ukifika kiunzi cha 16 kosa limeshakuwa milimita 16, yaani nusu nzima ya kiunzi. Nyuki wanafuata kipimo chao, si cha fundi, basi sega linaangukia kwenye mwanya kati ya viunzi viwili na kuvishika vyote. Huwezi tena kuinua kimoja bila kupasua sega, kumwaga asali na kuua majana. Umelipia mzinga wa kisasa, umepata gogo. Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, panga viunzi 10 vikiwa vimegusana, uvipime kwa futi: iwe sentimita 32 kamili. Chini ya kila kiunzi, katikati, pawe na mfereji mwembamba au ukingo uliopakwa nta iliyoyeyushwa, mstari mmoja ulionyooka. Ukipaka nta kiunzi kizima, umewaruhusu waanzie popote.

Mbao ziwe kavu, zenye unene wa sentimita 2 mpaka 2.5. Mbao mbichi hupinda, na ufa wa sanduku jipya ni mlango wa siafu. Ndani msipake rangi wala dawa ya mchwa. Tundu la kuingilia liwe na kimo cha milimita 8 hadi 10, si zaidi, maana kundi dogo haliwezi kulinda lango pana.

Manzuki, yaani mahali pa kuweka mizinga, iwe angalau mita 300 kutoka kwenye nyumba, shule, njia ya watu na zizi. Nyuki wetu ni wakali, hilo tusifichane. Chagueni mahali penye kivuli cha adhuhuri, pasipopigwa na upepo, na penye maji karibu. Kama hakuna kijito wala bwawa ndani ya nusu kilomita, wekeni beseni lenye mawe na vijiti vya kutulia, na lisikauke hata siku moja. Likikauka wataanza kwenda bombani kwa watu, na kuwaondoa huko ni kazi. Ning'inizeni mzinga kwa waya kati ya nguzo mbili, usawa wa kiuno au juu kidogo, waya upakwe grisi. Mzinga unaoyumba humnyima nyegere pa kujishikiza. Ulioegeshwa juu ya mawe ameshaandaliwa meza. Fyekeni majani yanayougusa mzinga, kwa sababu jani moja linatosha kuwa daraja la siafu lililokwepa grisi yako yote. Na kama msitu ni wa hifadhi, ruhusa kwanza, mizinga baadaye.

Kupata nyuki si kazi ya nguvu. Makundi hugawanyika na kuhama msimu wa maua unapokaribia na wakati wa maua wenyewe, kwa hiyo mzinga uwe umeshatundikwa wiki kadhaa kabla. Paka nta ndani na mlangoni. Ukiponda majani ya mchaichai ukayapaka, harufu yake inakaribiana na ile ambayo nyuki hutumia kuitana. Pitia mzinga mtupu kila baada ya wiki mbili uondoe buibui, mijusi na sisimizi, kwani nyuki wanaotafuta makazi hutuma wapelelezi kwanza, na wapelelezi hao hawapendi kukuta mwenyeji. Kundi likiingia, liache mwezi mmoja mpaka masega yashikamane vizuri kabla ya kulihamisha. Hamisha usiku, mlango umezibwa kwa wavu, na panga mzinga garini masega yakielekea upande gari linakokwenda. Yakikaa kukingama, breki moja inayaangusha yote. Umbali uwe zaidi ya kilomita 3, la sivyo nyuki wa nje watarudi mahali pa zamani wakukute hupo.

Nataka tukae zaidi kwenye ukaguzi, maana hapa ndipo mfugaji anapotofautiana na mtu anayemiliki masanduku.

Kabla hujagusa kitu, simama pembeni ya mlango dakika 5 utazame. Nyuki wanaoingia na vidonge vya chavua miguuni, njano, kijivu au rangi ya chungwa, wanakuambia kuna majana ya kulishwa ndani, kwa hiyo pengine malkia yupo na anataga. Mlango wenye nyuki wanaoingia mikono mitupu siku ya maua ni dalili ya kutilia shaka. Majana meupe yaliyotupwa chini maana yake ni njaa au joto. Unga wa nta na vipande vya nta sakafuni vinaweza kuwa uporaji wa nyuki wa mizinga mingine, au nondo wa nta, mdudu anayeharibu masega. Mtu anayejua kuusoma mlango hulazimika kufungua mara chache, na nyuki wetu hawapendi kufunguliwa ovyo.

Fungua jioni, kuanzia saa 11 hivi, ili giza liwatulize kabla hawajaanza kuwasaka watu na mifugo. Katika bomba la moshi tia magunzi makavu, gunia la katani lililochakaa au majani makavu. Msichome plastiki, msichome mifuko ya salfeti. Moshi uwe mweupe na wa baridi. Upulizie kiganja chako, ukikuunguza utawaunguza na wao. Pulizia mara 3 au 4 mlangoni, kisha subiri dakika mbili. Wengi hawasubiri. Nyuki akiuma huacha harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake waje kushambulia. Moshi huifunika, tena huwafanya nyuki wakimbilie kujaza matumbo kwa asali. Hilo linahitaji muda, na anayefungua papo hapo amepoteza moshi wake bure.

Anzia upande usio na masega. Bandua kiunzi kwa patasi, kiinue wima kwenda juu. Kamwe usikilaze. Sega limeshikwa juu tu, na nta mpya yenye mbochi ni laini. Ukililaza kutazama upande wa pili litaanguka miguuni pako. Kizungushe kama unavyofungua mlango, sega likiwa bado linaning'inia.

Huna haja ya kumtafuta malkia. Tafuta mayai. Geuza mgongo kwenye jua, mwanga uingie mpaka chini ya seli. Utaona kijiti cheupe, kidogo kuliko chembe ya mchele, kimesimama katikati ya sakafu ya seli. Yai la siku ya kwanza husimama wima, la pili huinama, la tatu limelala. Ukiona lililosimama, malkia alikuwa hapo jana au leo. Funga na umshukuru Mungu. Ukiona mayai mawili au matatu kwenye seli moja, mengine yamebandikwa ubavuni, na vifuniko vya seli za vibarua vimetuna, basi malkia hayupo siku nyingi na vibarua wenyewe wanataga. Mayai ya kibarua hutoa madume tu. Kundi kama hilo ni gumu sana kuokoa, na kwa anayeanza ushauri wangu ni asipoteze nguvu hapo.

Tazama pia mpangilio wa majana yaliyofunikwa. Sega zuri limefunikwa kwa pamoja, mapengo machache. Likiwa na mapengo kila mahali, vifuniko vimezama na vimetoboka, na kuna harufu ya kuoza, chovya kijiti cha kiberiti kwenye seli moja ukivute taratibu. Kama kinatoka na uzi wa kahawia unaonyumbuka zaidi ya sentimita 2, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa majana: funga mzinga, mwite Bwana Nyuki, na patasi hiyo isiguse mzinga mwingine mpaka aseme yeye.

Halafu hesabu viunzi vilivyofunikwa na nyuki pande zote mbili, uandike. Mimi kipimo changu ni hiki: chini ya 5 kundi ni dhaifu, 5 hadi 9 linakua, 10 na zaidi lina nguvu. Ukaguzi wote usizidi dakika 15. Wakati kundi linakua, kila baada ya wiki mbili au tatu panatosha. Wakati wa kiangazi kikali, au siku ya mvua, liache.

Sasa kundi ni dhaifu na ni mwezi Januari. Tufanye nini?

La kwanza ni nafasi, na halina gharama. Kundi la viunzi vinne ndani ya sanduku la viunzi 28 linahangaika. Majana yanataka joto la nyuzi 34 hadi 35, na kila sega ambalo nyuki hawawezi kulifunika ni kitanda cha nondo wa nta. Weka ubao wa kugawa, uwaachie masega yao na kiunzi kimoja au viwili vya ziada. Kiunzi cha mwisho kikijengwa nusu, sogeza ubao, ongeza viwili. Usiingize kiunzi kitupu katikati ya majana ya kundi dhaifu, utakuwa umekata joto lao vipande viwili. Kwa kundi lenye nguvu hilo linaruhusiwa, kiunzi kimoja kwa wakati.

La pili ni chakula. Kilo moja ya sukari nyeupe kwa lita moja ya maji ya moto, koroga mpaka iyeyuke, iache ipoe. Weka nusu lita kwa mara moja kwenye chombo kipana ndani ya mzinga, nyuma ya ubao wa kugawa, ukiacha upenyo wa nyuki kupita, na uweke vijiti vielee juu ya maji matamu hayo ili wasizame. Weka magharibi, kiasi cha kumalizika usiku. Ukiweka mchana, au ukimwaga tone nje, mizinga yenye nguvu itakuja kupora, na kundi ulilotaka kuliokoa ndilo litakalouawa. Sukari guru msitumie, inawaharisha. Asali ya dukani au ya mtu usiyemjua pia hapana, inaweza kubeba ugonjwa wa majana. Na maua makubwa yakifunguka, acha kulisha siku hiyo hiyo. Sukari iliyofungwa kwenye sega si asali hata ikifunikwa na nta, na anayeiuza anaharibu jina la wilaya nzima.

La tatu ni kuazima. Kutoka kwenye kundi lenye nguvu chukua sega moja la majana yaliyokwisha kufunikwa, kung'uta nyuki wote warudi kwao, ulipeleke kwenye kundi dhaifu. Majana yaliyofunikwa hayahitaji kulishwa tena, yanahitaji joto tu, na ndani ya siku 12 yote yatakuwa nyuki. Hakikisha kwanza mtoaji hana ugonjwa. Usipeleke zaidi ya sega ambalo wenyeji wanaweza kulifunika, na usichukue kwa mtoaji mpaka naye akawa dhaifu, ukaishia na wagonjwa wawili.

La nne ni kuunganisha, ambalo watu hawalipendi kwa sababu idadi ya mizinga inapungua kwenye taarifa ya kikundi. Lakini makundi mawili ya viunzi vinne yataleta asali kidogo sana kuliko moja la viunzi vinane, kwa kuwa kila kundi lina idadi ya nyuki ambao lazima wabaki ndani kulea na kulinda. Mwondoe malkia wa kundi dogo zaidi siku moja kabla. Jioni, hamishia viunzi vyake upande mtupu wa mzinga wa pili, katikati ukining'iniza karatasi ya gazeti iliyotobolewa kwa msumari mwembamba mara chache. Watalitafuna gazeti kwa siku mbili tatu, harufu zao zikichanganyika. Ukiwachanganya bila gazeti watauana.

Na kugawa kundi makusudi ili kuongeza mizinga? Mwaka wa kwanza, hapana. Kundi lililogawanywa mwezi mmoja kabla ya msimu ni makundi mawili yasiyo na asali. Mwaka wa pili, kukiwa na chakula nje, chukua masega 3 au 4 yenye majana na nyuki wake, angalau moja liwe na mayai mabichi, ongeza moja la asali, uyapeleke kwenye mzinga mpya zaidi ya kilomita 3. Nusu isiyo na malkia itajilea mmoja kutokana na jana dogo. Atatoka baada ya siku 12 hivi, atahitaji wiki moja au zaidi kukomaa na kupandwa na madume angani, ndipo aanze kutaga. Usifungue mpaka wiki 4 zipite. Malkia bikira anayerudi akakuta mzinga uko wazi na moshi unafuka anaweza kupotea, na kazi yako imekwisha.

Nyuki wetu hujigawa wenyewe pia. Ukiona madume wengi, nyuki wamejaa mpaka nje ya mlango, na vikombe vya malkia vinavyoning'inia kwenye kingo za sega vikiwa na jana ndani, umechelewa kidogo: toa nafasi mara moja, au kubali kugawa.

Kuhama ni jambo jingine. Hapo hawagawanyiki, wanaondoka wote na malkia wao. Sababu ni chache na zinajulikana: njaa, kiu, mzinga ulio juani, siafu, nondo, kufunguliwa mara kwa mara, na mrinaji asiyewaachia kitu. Dalili huja mapema. Mayai yanakosekana, asali inapungua, majana ya mwisho yanatoka na hakuna mapya. Ukikuta hivyo, lisha, leta kivuli na maji, na usiwaguse tena kwa wiki mbili. Mzinga uliohamwa usafishwe wiki hiyo hiyo, maana nondo wa nta hataki mwaliko. Masega yaliyoachwa atayageuza utando ndani ya wiki chache. Mbawakawa wadogo wa mzinga nao huingia hapo; majana yao huichachusha asali ikawa kama makamasi. Dhidi ya wote wawili dawa ni ile ile, yaani kundi kubwa lisiloachiwa masega ya ziada. Kuhusu viuatilifu, kaeni na majirani wanaolima pamba na alizeti muwaombe wapige dawa jioni, maua yakiwa hayana nyuki. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya msimu. Baada ya nyuki kufa ni kesi tu.

Kurina ni haraka kueleza. Chukua sega ambalo angalau robo tatu ya seli zake zimefunikwa kwa nta. Lililo wazi lina maji mengi, na asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchachuka. Lisilofunikwa liinamishe kidogo na ulitikise, likidondosha, lirudishe. Sega lenye jana hata moja libaki. Kata ukiacha sentimita 1 au 2 kwenye kiunzi wapate pa kuanzia, weka kwenye ndoo safi ya plastiki ya chakula yenye mfuniko, si iliyowahi kubeba rangi au mafuta ya taa. Waachie theluthi ya asali, zaidi kama kiangazi chenu ni kirefu. Nyumbani ponda masega, acha asali ichuje yenyewe kwa kitambaa safi, itulie siku 2 au 3, engua povu. Usiichemshe. Asali ikiganda baadaye haijaharibika.

Mkiuza, uzeni kwa kilo. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo dumu la lita 20 ni kama kilo 28. Mnunuzi anayelipia dumu kwa bei ya "kilo 20" ameondoka na kilo 8 bure. Nta msitupe: yeyusheni makapi kwenye maji ya mvua ndani ya sufuria ya aluminiamu, kamueni kwa gunia, iacheni igande. Sufuria la chuma huipa rangi chafu, na bei inashuka.

Mwisho ni usalama. Ukiumwa, kwangua mwiba mara moja kwa ukucha au patasi, maana unaendelea kusukuma sumu ukiwa peke yake kwenye ngozi. Pulizia moshi mahali hapo. Uvimbe wa mahali palipoumwa ni kawaida. Lakini mtu akivimba ulimi au uso, akipumua kwa shida, akitapika au akizirai, hana muda wa kungoja. Apelekwe hospitali, na kabla ya kufungua mzinga wowote kikundi kijue nani ana pikipiki yenye mafuta siku hiyo. Asifungue mtu mzinga peke yake.

Jioni hii saa 11 tutakagua mizinga miwili pale manzukini. Bwana Nyuki ana mavazi manane, kwa hiyo tutaingia kwa zamu. Suruali ziingizwe ndani ya mabuti, na waliojipaka manukato leo wakaoge kwanza. Kila mmoja aje na daftari, tutahesabu viunzi.